Futi Kumi na Nusu

Hapa kwetu Corley watu husema uwanja wa besiboli ulijengwa na marehemu mzee Orcutt, yule mwenye kiwanda cha majiko. Jina lake wameliandika hata kwenye shaba pale getini. Haya, waache waandike. Mzee Orcutt alitoa mbao na misumari, akaja siku ya ufunguzi na kofia ndefu, akahutubia mpaka watu wakapiga miayo. Uwanja wenyewe, yaani udongo na nyasi, aliutengeneza mume wangu Alois. Na aliyemshikia ncha ya pili ya kamba ya kupimia ni mimi, Ludmila Hruska, Lida kwake yeye, nikiwa na mimba ya Vlasta na miguu imevimba.

Huo ulikuwa mwaka 1883. Pale palikuwa na mashimo waliyochimba udongo wa matofali, maji yametuama, vyura wanapiga kelele mchana kutwa. Alois alijaza mashimo yale kwa mikokoteni ya changarawe, akaweka udongo mwekundu juu, akapanda nyasi, akazigombeza nyasi zikaota. Na hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi tu. Alasiri alivaa soksi ndefu akaingia uwanjani kurusha mpira, maana yeye ndiye aliyekuwa mrushaji wa timu, na mashoto vilevile. Siku zile hakuna aliyeshangaa kumwona mrushaji ameshika reki.

Nami niseme wazi, sikumpendea uso. Nilimpendea ule mrusho. Mrushaji alisimama ndani ya sanduku lililochorwa kwa chokaa, na mstari wake wa mbele ulikuwa futi hamsini kutoka bamba la nyumbani, pale anaposimama mpigaji na gongo lake. Mpira wa Alois ulikuja umenyooka kabisa, halafu ukifika karibu na bamba unapinda na kushuka, mpigaji anakata hewa. Wanaume wazima walikuwa wanarudi kukaa wakiwa wamekasirika.

Alirusha hivyo miaka kumi. Halafu mwaka 1893 wakuu wa ligi wakakaa kikao huko mbali wakaona wapigaji wanaonewa. Wakafuta sanduku. Wakaagiza mrushaji akanyage kibao cheupe kilichozikwa ardhini, futi sitini na inchi sita kutoka bamba. Futi kumi na nusu nyuma ya ule mstari wa zamani. Ukiwa umekaa jukwaani huoni hata tofauti.

Aliyetumwa kukizika kibao kile ni Alois mwenyewe. Ilikuwa Aprili, ardhi bado ina baridi. Hakuniruhusu kumshikia kamba siku hiyo. Alipima peke yake, akachimba peke yake. Aliporudi ndani alikula supu yote, akafuta sharubu, akasema neno moja tu: "Mbali." Na kweli ilikuwa mbali. Mpira wake ulipinda mapema mno, mpigaji akausubiri huku anatabasamu. Kufika Julai hawakumpanga tena. Wakampa kazi ya kutunza uwanja na ile nyumba ndogo nyuma ya ukuta wa kushoto, nasi tukakaa humo miaka ishirini na nane, mipira ikitudondokea juu ya paa wakati wa chakula.

Kama kuna mtu aliyejua kazi ile ni yeye. Wakija wageni wenye mbio, usiku wa kuamkia mechi udongo wa njia yao ulipata maji mengi kwa bahati mbaya. Tukiwa na mpigaji wetu anayependa kugusa mpira kidogo tu uviringike polepole, nyasi za upande ule ziliachwa ziwe ndefu. Wageni walilalamika. Alois aliwatazama kwa huzuni, akasema mvua ya Corley haina adabu. Viwanja vyote vya ligi vilifanya hivyo, ila sisi tulifanya vizuri zaidi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Msimu wa baridi kuelekea mwaka 1921, Alois alianza kusahau. Kwanza vitu vidogo: amelisha kuku, anawalisha tena. Halafu akaniuliza Vlasta amekwenda wapi na shule imefungwa, na Vlasta ni mama wa watoto wanne kule Cleveland. Nilimwambia mtoto ataingia sasa hivi. Nilikwenda jikoni nikashika meza kwa mikono miwili.

Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilimtajia siku na tarehe kama vile ninajisemea mwenyewe: "Leo Jumanne, tarehe tatu, timu inarudi kesho." Nilitoka naye kuchora mistari, nikajifanya nahitaji kunyoosha mgongo. Mtu akimuuliza kitu, nilimjibia kabla hajafungua mdomo, mpaka nikapata sifa ya mwanamke mwenye kiherehere. Nilikubali sifa hiyo.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu uwanja wa mbao ulikuwa unavunjwa mwisho wa msimu ule. Mtoto wa mzee Orcutt, Bwana Winfield, alikuwa anajenga uwanja wa zege ng'ambo ya reli, na kando yake nyumba ya matofali ya mtunza uwanja, yenye jiko la gesi. Alisema anamtaka Alois, lakini kwanza atakuja Jumamosi saa sita mchana, kabla ya mechi, atembee naye uwanjani aone kama bado anaiweza kazi. Akiridhika, mkataba wa miaka mitano utatiwa saini hapohapo. Asiporidhika, tuna pa kwenda pawili: vyumba viwili vya Vlasta ambamo tayari wamo watu sita, au nyumba ya wazee wasiojiweza ya wilaya, ambako wanaume hulala jengo moja na wanawake jengo jingine. Miaka thelathini na tisa ya ndoa, halafu nikamwombe mlinzi nimwone mume wangu! Hapana. Nilisema nitasema uongo mpaka Jumamosi saa sita, halafu nitatubu Jumapili.

Jumamosi ile tulichora mistari mapema, yote ikanyooka. Saa tatu nikamwambia:

"Baba Vlasta, naenda buchani. Bwana Orcutt lazima ale kitu. Wewe kaa hapa kwenye ngazi, usitoke."

"Mimi mbwa?"

"Mbwa angekuwa ameshanielewa."

Akacheka. Nikaenda kwa amani.

Buchani kulikuwa na foleni, na mke wa jirani yetu Pospisil alikuwa na habari zake zote za ugonjwa wa nyongo. Nilirudi saa nne na robo na soseji zangu. Ngazi tupu. Nikapita mlango wa ukuta wa kushoto, nikamwona yuko katikati ya uwanja, ameegemea koleo, jasho linamtoka, uso umetulia kabisa.

Kibao cheupe kilikuwa kimelala juu ya nyasi. Hukuweza kujua kilikuwa kimezikwa wapi, maana shimo lilifukiwa na kushindiliwa vizuri, kazi ya fundi. Na mbele zaidi, karibu na mpigaji, palikuwa na sanduku la chokaa, pembe nne safi, mstari wake wa mbele futi hamsini barabara. Sikuhitaji kupima. Niliujua umbali ule kwa macho tangu nikiwa msichana.

"Umefanya nini, Alois?"

"Kuna mhuni amefukia sanduku langu," akasema. "Ameweka na kibao cha ajabu kule nyuma. Angalia. Mtu anarusha mpira kutoka kule, anamrushia nani, mtu wa jimbo la Indiana?"

"Nipe koleo."

"Mechi ni saa tisa. Neely anakuja tupashe mkono."

"Nipe koleo, mume wangu, nakuomba."

Nilishika mpini, naye akaushika. Alikuwa na miaka sitini na mitatu lakini mikono ile ilikuwa bado na nguvu. Tukavutana pale katikati ya uwanja, soseji zimeanguka, mimi nalia na kutukana kwa Kicheki, yeye ananitazama kwa mshangao kama mtu aliyevamiwa na mke wa mwingine.

Hapo akatokea Neely Gaffney. Neely ndiye aliyekuwa mdakaji wa Alois miaka yote ile kumi, enzi ambazo mdakaji alidaka kwa mikono mitupu au na kiglavu kisichomfaa hata mtunza bustani. Vidole vyake vyote vimevunjika, kila kimoja kinaangalia upande wake. Sasa alikuwa kocha, kitambi mbele, nywele nyeupe. Alisimama, akatazama kibao juu ya nyasi, akatazama sanduku.

"Neely," nikamwambia, "nisaidie kumnyang'anya hili koleo. Orcutt anakuja saa sita. Akiona hivi tumekwisha."

"Ameanza lini, shemeji?"

"Tangu baridi."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia, ungefanya nini? Si ungeenda baa ukalia kila mtu akasikia?"

"Ningelia, ndiyo," akasema. Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya nyasi. Akatoa mpira mfukoni akamtupia Alois, na Alois akaachia koleo ili audake.

Neely akaenda nyuma ya bamba, akachuchumaa. Magoti yake yalilia nikayasikia.

"Haya Mashoto, tupashe. Usiniumize, nina mke."

"Una mke tangu lini?" Alois akauliza.

"Rusha bwana!"

Nilitaka kuwaua wote wawili. Saa tano kasoro dakika ishirini na watu wazima wanacheza! "Neely, tuna saa moja na ushee," nikasema.

"Shemeji, nipe dakika kumi. Kwa nguvu hatumtoi hapo. Unamjua kuliko mimi."

Basi nikasimama kando. Mrusho wa kwanza ulianguka katikati ya njia. Wa pili ukaenda kwenye uzio. Alois akaukoroga udongo kwa kiatu, akavuta pumzi, akainua mguu wa kulia. Wa tatu ulikuja umenyooka, ukafika pale, ukapinda na kushuka, ukapiga viganja vya Neely kwa sauti ile. Sikuwa nimeisikia sauti ile miaka ishirini na nane. Nilikaa chini kwenye nyasi.

Alirusha labda kumi na tano. Si yote iliyopinda, lakini sita au saba ilipinda. Neely alikuwa anapiga kelele za zamani: "Mkate huo! Lete mwingine! Huyu hata hajauona!" Hakukuwa na mpigaji. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, na alikuwa analia bila kujifuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Kisha Alois akashusha mkono. Akamtazama Neely kwa muda.

"Neely, mbona umenenepa hivi?"

"Bia."

"Na nywele?"

Neely akajipapasa kichwa. Alois akajitazama mikono, akaigeuza. Akanitazama mimi pale chini. Akageuka akatazama nyuma, kule ardhi iliposhindiliwa upya, na nikaona uso wake unabadilika kidogo kidogo.

"Tulishakizika kile kibao," akasema. "Siyo?"

"Ndiyo, mpenzi," nikasema. "Zamani."

"Mimi ndiye niliyekizika."

"Wewe mwenyewe."

Akatikisa kichwa. Nilidhani atakaa chini au atalia, lakini aliniambia nimletee kamba ya kupimia. Nikamshikia ncha kwenye bamba la nyumbani. Akaenda nyuma, futi sitini na inchi sita, akapima mara mbili, akachimba, akakizika kibao, akakisawazisha kwa pimamaji. Sanduku la chokaa alilifuta mwenyewe kwa reki, mstari mmoja mmoja. Neely alitaka kumsaidia, nikamshika shati. Saa sita kasoro dakika tano uwanja ulikuwa umetulia, nami nimeokota soseji, nimezisuuza, nimeziweka jikoni. Nilimfuta Alois jasho kwa aproni, nikamnong'oneza: "Leo Jumamosi. Anaitwa Winfield Orcutt. Akikuuliza kitu usichokijua, kohoa, mimi nitadakia."

"Sawa, Mama Vlasta."

Bwana Orcutt alikuja kwa motokaa, mtu mstaarabu, viatu vyake havikuwa vya kukanyagia udongo. Wakatembea. Na Mungu wangu, Alois alikuwa mzuri siku ile! Alimweleza maji yanapokimbilia mvua ikinyesha, wapi nyasi hazipendi jua la mchana, kwa nini udongo wa mto haufai peke yake bila mchanga. Akaokota udongo, akaufinya, akamfanya Orcutt naye aufinye. Mara moja tu alikohoa, alipoulizwa jina la mrushaji wetu mpya. Nikadakia: "Kijana wa Dusenberry! Ana kasi huyo, Bwana Orcutt, tunafunga madirisha." Wote wakacheka.

Tulifika katikati. Orcutt akasimama juu kabisa ya kibao, akatoa karatasi kwenye koti, na kalamu ya wino.

"Bwana Hruska, sina la kuuliza zaidi. Miaka mitano. Weka jina lako hapa."

Alois akaishika kalamu. Mimi nilikuwa tayari naona jiko la gesi, naona mapazia. Akaitazama ile kalamu, akamrudishia.

"Tafuta mtu mwingine."

Nikamfinya mkono kwa nguvu. "Anatania," nikasema. "Ndivyo alivyo, anatania sana!"

"Sitanii. Asubuhi ya leo nilikitoa hiki kibao nikachora sanduku futi hamsini. Nilidhani ni zamani. Mke wangu na Neely ndio walionikuta."

Orcutt alitabasamu, akitegemea mzaha. Akatutazama mimi na Neely, tabasamu likaondoka.

"Lakini mmerekebisha," akasema.

"Leo tumerekebisha." Alois aliongea polepole, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Huyo kijana mwenye kasi, sijui nani..."

"Dusenberry," nikasema. Sauti ilinitoka yenyewe.

"Huyo. Siku nitakayokosea tena, labda kwa futi mbili au tatu tu, jukwaani hakuna atakayeona. Mpigaji hataona. Ataona mpira umeshafika usoni. Yule mpigaji wa timu ya Cleveland aligongwa na mpira kichwani akafa mwaka jana, na umbali ulikuwa sawa kabisa." Akanigeukia. "Lida, nisamehe. Nyumba naitaka. Lakini ni watoto wa watu."

Nilimkasirikia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miezi minane nilikuwa nimejenga ukuta kumzunguka, jiwe kwa jiwe, na yeye akautoboa kwa sentensi mbili mbele ya tajiri. Bwana Orcutt alivua kofia, akasema tunaweza kukaa mpaka uwanja uvunjwe Oktoba, na kwamba atamtafutia Alois mtu wa kumsaidia kazi iliyobaki. Alimpa Alois mkono akaushika muda mrefu. Soseji alizila, lakini bila hamu. Neely akasema baada ya Oktoba twende kwake, kuna chumba cha juu tangu binti yake aolewe, na mkewe ameshazoea wazee wenye kelele. Nilimjibu nitafikiria, kwa ukali, hali nilishakubali.

Alasiri tulikaa jukwaani. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukaa pale na mume wangu. Siku zote alikuwa getini na reki, tayari kukimbia. Nilikaa nimemgeuzia bega. Mizunguko mitano ya mchezo sikusema naye neno. Dusenberry alirusha mpira mpaka ukawa hauonekani, nami kila mara nilimtazama mpigaji usoni, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani. Walikuwa vijana wadogo sana. Mmoja alikuwa na chunusi.

Katika mzunguko wa sita nikashindwa.

"Ulijua tangu lini?"

"Kujua nini?"

"Kwamba unasahau."

Akafikiri. "Tangu wale kuku. Nilikuta chakula kimejaa chini, nikajua hakuna mwingine wa kukimwaga."

"Tangu baridi! Na mimi kila asubuhi, 'leo Jumanne, leo Jumatano', nakutajia kama mwendawazimu! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unajitahidi sana kunificha," akasema. "Nikaona nisikuharibie."

Nilimgeukia. Alikuwa anatazama uwanja, mikono yake juu ya magoti, chokaa bado kwenye kucha. Nikauchukua ule wa kushoto nikauweka mapajani mwangu, nikaufunika kwa aproni, mbele ya watu wote wa Corley.

"Nani huyo anayekwenda kurusha?" akaniuliza.

Ilikuwa mara ya nne kuuliza alasiri ile.

"Anaitwa Dusenberry," nikasema. "Kijana mpya. Ngoja umwone."